Kibali Bila Ukaguzi

Neno "kibali" lina undugu na "kukubali". "Ukaguzi" hutokana na "kukagua", yaani kutazama kwa makini. Hapa Rubavu la kwanza tumelizoea, la pili wengi wetu hulikwepa. Mwenye kiwanja kipya akishapata kibali cha wilaya, hudhani mambo yamekwisha.

Volkano ya Nyiragongo, ng'ambo ya mpaka, ililipuka tarehe 22 Mei 2021. Matetemeko yaliyofuata kwa siku kadhaa yalipasua kuta nyingi za Gisenyi, na nyumba nyingine zikaanguka. Hayakuuliza nani ana karatasi.

Mkaguzi afike kabla zege halijamwagwa msingini, kwani nondo zikishafunikwa, hakuna jicho litakalozihesabu. Zege nalo lipimwe: sampuli zake zenye umbo la mchemraba hupondwa kwa mashine, kwa kawaida siku ya 28, ili nguvu yake ijulikane. Najua, kusubiri kunachosha, na fundi anadai ujira wake kila jioni. Kwa nyumba ndogo, naona wilaya ndiyo ibebe gharama ya kipimo hicho, maana ukuta dhaifu huweza pia kumwangukia jirani.