Uzito wa mwili katika pigo la gofu
Kwa mchezaji wa gofu wa mkono wa kulia, uzito huanza ukiwa karibu sawa kwenye miguu yote miwili, kisha huegemea mguu wa kulia fimbo inapopandishwa. Linalosahaulika sana ni hili: nyonga huanza kurudi kushoto kabla fimbo haijafika juu kabisa. Mguu wa kushoto ukiisukuma ardhi na goti likinyooka, nyonga hupunguza kasi, na mwendo huhamia kiwiliwili, mikono, hatimaye fimbo. Kwenye vilima vya Mufindi, mkoani Iringa, anayepiga kuelekea mpando huelemewa na uzito kwenye mguu wa nyuma. Mbeya, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa nyepesi hurefusha safari ya mpira, lakini haifidii nyonga iliyochelewa.