Mahali pa Kuketi Katikati ya Jiji

Upokeapo mshahara wako, kabla hujaugawa kwa karo na unga, itazame noti moja kwa makini. Noti za Uganda zilizoanza kutolewa mwaka 2010 zina picha ya Sanamu ya Uhuru: mama aliyezungushiwa vitambaa mwilini kama mtu aliyefungwa, naye amemwinua mtoto, na mtoto amenyosha mikono kuelekea mbinguni. Sanamu hiyo ni kazi ya Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyesomea sanaa Makerere, nayo ilisimamishwa Kampala mwaka 1962. Sisi sote twaibeba mfukoni. Je, ni wangapi kati yetu waliokwisha kuwapeleka watoto kando ya Barabara ya Speke wakaione yenyewe?

Sababu si uvivu. Katikati ya miji yetu pamekuwa mahali pa kupita, si pa kukaa. Mama aliyetoka kambini kununua sare za shule, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, hana pa kuketi ila anunue soda. Basi hufanya haraka arudi. Ofisi zikifungwa, barabara hubaki na askari wa zamu na mbwa.

Jirani zetu wa Kigali walijaribu dawa mwaka 2015. Barabara moja ya katikati ya jiji ilifungwa isipitiwe na magari, ikaachiwa wenye miguu. Nia ilikuwa njema, lakini lami tupu haimwiti mtu. Jua lilikuwa kali, vivuli hakuna, na wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wamewahama. Ilichukua miaka mingi kabla ya miti kupandwa, viti kuwekwa, na vibanda vidogo vya biashara kujengwa. Mwaka 2022 mahali hapo palifunguliwa upya kwa jina la Imbuga City Walk. Kwa Kinyarwanda, imbuga ni uwanja wa mbele ya nyumba. Waganda nao huita embuga makao ya mtawala. Ama sisi wa Kiswahili, mbuga yetu tumewaachia wanyama! Jina hilo limechaguliwa vema, maana ua wa nyumba haumtozi mtu kiingilio.

Hapo ndipo sanaa ipatapo kazi yake. Wako wasemao kwamba sanamu na michoro ya ukutani ni anasa, na kwamba fedha hizo zingetengeneza mifereji. Mifereji na itengenezwe, wala sikatai. Lakini benchi lisilo na kitu cha kutazamwa hukaliwa na aliyechoka tu, na sanamu isiyo na benchi hutazamwa na apitaye ndani ya gari. Vikikutana viwili hivyo, baba hupata la kumweleza mwanawe, na muuza karanga hupata wateja bila kukimbizana nao.

Lipo jambo jingine, nalo latuhusu sisi wenye sare na jamaa zetu zaidi kuliko wachoraji. Mwezi wa Desemba mwaka 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vifungu vya Kanuni ya Adhabu vilivyoruhusu mtu kushitakiwa kwa kudhaniwa tu kuwa mzururaji asiyeweza kueleza riziki yake. Vifungu vya namna hiyo vilirithiwa kutoka utawala wa kikoloni, na vilimfanya kijana maskini aliyeketi bustanini aonekane mhalifu kabla hajatenda lolote. Jiji laweza kununua miti na kuajiri wachongaji hodari, lakini ikiwa kijana yule huinuka kila aonapo kofia ya polisi, bustani hiyo itabaki ya wageni wa hoteli. Najua askari wa doria ana kazi ngumu, na wezi wa mifuko hupenda penye watu. Hata hivyo, penye macho mengi ya akina mama na wazee, mwizi hufanya kazi kwa shida kuliko katika uchochoro mtupu.

Jumapili ijayo, aliye Kampala na asiye zamu awapeleke watoto Speke. Wachukue maji na mahindi ya kuchoma. Mtoto atauliza kwa nini yule mama amefungwa vitambaa. Afadhali baba alitafakari jibu lake tangu Jumamosi.