Usiende Chalbi Kunywa Maji ya Mtu

Kila wiki napata meseji ya aina moja. "Buda, tuko watano, tuna Prado ya kukodi, tunataka kuvuka Chalbi wikendi ndefu. Tubebe kamera gani?" Kamera! Bado sijapata hata mmoja anayeuliza wabebe lita ngapi za maji.

Maoni yangu ni haya: kama grupu lenu haliwezi kuandika mpango wa hiyo safari kwenye karatasi moja, na nambari ndani, msiende. Najua mnaweza kufa huko, na hiyo peke yake ingetosha. Lakini kuna kitu hatupendi kusema. Kabla hujafa, kuna mtu wa huko atakuja kukuokoa. Maji atakayokupa ni ya watoto wake na mifugo wake. Hiyo bili hautaiona popote, na ukirudi Nairobi utaposti vidio umeandika "tumesurvaivu".

Lami ndiyo imetudanganya. Zamani barabara ya Isiolo hadi Moyale ilikuwa vumbi, mawe na malori, na ukitaja Marsabit nyumbani mamako anaanza kuomba. Leo unatoka Nairobi alfajiri na jioni uko Marsabit mjini unakunywa chai. Ukishafika hapo kirahisi unaanza kuamini yaliyobaki ni rahisi vilevile. Sasa toka kwenye lami uelekee magharibi: Maikona, Kalacha, North Horr, halafu Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Huko hakuna petroli stesheni kila kona, mtandao unakuja na kupotea, na gari linalopita linaweza kuwa la kesho.

Halafu Chalbi yenyewe si mchanga wa sinema. Ilikuwa ziwa kitambo sana. Iliyobaki ni sakafu ya lile ziwa, udongo na chumvi, tambarare mpaka macho yachoke. Ikikauka vizuri inakuwa ngumu kama uwanja wa ndege. Lakini ganda la juu linaweza kuwa jeupe na kavu huku chini yake kuna tope. Gari linapasua hilo ganda na kuzama mpaka tumbo. Pia maji ya mvua kutoka milima ya Marsabit na Hurri Hills yanashuka huko bondeni na hayana pa kutokea. Kwa hivyo unaweza kuwa chini ya jua kali, huoni wingu, na bado umekwama kwa mvua iliyonyesha mbali juzi.

Ndiyo maana karatasi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kumfundisha mtu chochote, lakini hii ni hesabu ya shule ya msingi. Sisi tuko watano na tunalenga Septemba, kwa sababu mvua za huko huwa Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Karatasi yetu inasema hivi.

Maji: lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupika tu. Watu watano, siku nne, hizo ni lita 100. Ongeza siku tatu za kukwama, lita 75. Jumla 175. Tunabeba jerikeni tisa za lita 20, na hazikai zote kwenye gari moja.

Mafuta: mzunguko wetu kutoka Marsabit na kurudi tumeukadiria kilomita 500. Gari linalokupa kilomita 8 kwa lita kwenye lami, huko lihesabie 5. Hiyo ni lita 100. Ongeza theluthi moja ya kupotea njia na kurudi nyuma. Tumeandika lita 135 kwa kila gari.

Magari: mawili. Gari moja likizama, nani atalivuta? Drone?

Magurudumu: kwenye mchanga unapunguza presha, kwenye mawe meusi ya volkeno unairudisha, la sivyo yale mawe yanakata taili kama kisu. Kwa hivyo pampu ni lazima, na spea mbili kwa kila gari. Beba beleshi, kamba ya kuvuta, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kwa sababu jeki nayo huzama.

Mtu wa nyumbani: dadangu anabaki na nakala. Ina namba za magari, njia, mahali pa kulala kila usiku, namba ya mwenyeji wetu, na saa ambayo tusipopiga simu yeye anaanza kuuliza. Tukikwama tumekubaliana hakuna shujaa wa kutembea kutafuta msaada. Gari ni kivuli, na linaonekana kutoka mbali kuliko mtu.

Mstari wa mwisho ndio nauona wa maana kuliko yote: mwenyeji. Tunachukua mtu wa huko, tunamlipa kwa siku, tunamlisha, na yeye ndiye anasema kama tunapita au tunarudi. Kabla hata ya kutoka Marsabit tunauliza polisi na watu wa huko kuhusu usalama na hali ya njia. Wakisema hapana, ni hapana, hata kama doo ya kukodi magari imeshaenda.

Hapa ndipo tunakosana na wengi. Kuna wasee wanaita Chalbi "jangwa tupu". Tupu aje? Ni nyumbani kwa Wagabra, wanahama na ngamia na mbuzi wakifuata malisho, na wanajua kila kisima na kila chemchemi, maji gani ni ya chumvi na zamu ya kunywesha ni ya nani. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kule kaskazini. Mifugo ikafa, watu wakawa wanangoja maji ya boza. Sasa fikiria wewe na mabeshte zako mnatokea kwa familia kama hiyo, watu watano na kiu ya siku mbili, kwa sababu mlijaza buti tripodi na spika. Watawapa maji, bila hata kuwauliza mmetoka wapi. Ukarimu wao usiwe ndio mpango wako.

Najua majibu yenu. La kwanza: watu wa huko wanapita kila siku juu ya malori na pikipiki, hawana karatasi wala pampu. Kweli. Lakini karatasi yao iko kichwani, wamezaliwa nayo. Wewe wa Umoja na mimi wa Kayole hatujui hata upepo wa huko unavuma kutoka wapi. Karatasi ni mkongojo wa mtu asiyejua njia, na hakuna aibu kushika mkongojo.

La pili: safari za ghafla ndizo tamu. Sawa, ghafla nenda Ngong Hills. Ukichoka unapanda matatu.

La tatu ndilo linaniuma, kwa sababu ni la kweli: magari mawili, mafuta na mwenyeji ni pesa, na wengi wetu hatuna. Eti sasa jangwa ni la matajiri? Hapana. Panda basi mpaka Marsabit kama watu wengine. Ukifika, kodini gari la huko na dereva wa huko ambaye hiyo njia ni kazi yake. Mkigawana watano, nadhani mtatoboa kuliko kukodi Prado Nairobi na kulipia siku mbili za lami. Mtakosa ile picha ya kushika usukani na miwani ya jua. Lakini pesa itabaki Marsabit, na anayeendesha atakuwa anajua ni wapi ganda linabeba na ni wapi linameza.

Sisemi watu wasiende. Nataka twende wengi, kwa sababu nusu ya vijana wa Nairobi wanajua mitaa ya Dubai kuliko wanavyoijua Kalacha, na hiyo ni aibu yetu. Nenda ukiwa mgeni aliyebeba maji yake, amelipa anayemwongoza, na amebakisha jerikeni moja ya kumwachia mtu mwingine.

Kwa hivyo usiniulize tena kuhusu kamera. Kwenye grupu lenu la WhatsApp uliza swali moja leo: nani anaandika karatasi? Kama watu wote watasoma na kunyamaza, mmeshapata jibu. Nendeni Naivasha.