Kwetu Hakuna cha Kuona

Nimechoka na picha za nguva. Kila mwenzetu aliyebahatika kufika Copenhagen, awe amekwenda kwa semina ya wiki mbili au kumtembelea ndugu yake, hurudi na picha ile ile: amesimama kando ya bahari, amejikunyata ndani ya koti la kuazima, na nyuma yake kisanamu cha shaba kimeketi juu ya jiwe. Kisha hutuambia kwamba ameiona Denmark. Mimi nasema hakuiona. Wala simwonei mtu, maana picha hiyo ninayo mwenyewe.

Nilikwenda Juni 2023, kwa mwaliko wa mpwa wangu aliyekwisha kuishi huko karibu miaka ishirini. Asubuhi ya pili alinipeleka kwa nguva. Kisanamu chenyewe kina urefu wa mita moja na robo. Kiliwekwa pale mwaka 1913 kwa fedha za Carl Jacobsen, tajiri wa bia ya Carlsberg, na kimekwisha kukatwa kichwa mara mbili, 1964 na 1998. Watu walijipanga kupiga picha kama foleni zetu za sukari za mwaka 1983. (Sisi tuliokulia Tanga, ambao nguva tunamjua kuwa ni mnyama mnene wa baharini mwenye masharubu, tunaruhusiwa kucheka kidogo.) Baadaye tukaenda Nyhavn kwenye nyumba za rangi rangi, tukaenda Amalienborg kuona askari wa malkia wakibadilishana zamu saa sita mchana, tukaenda Tivoli, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1843. Siku tatu tukazunguka hivyo, na kila tulipofika alisema, "Piga picha, Mjomba."

Siku ya nne nikamwambia, "Sasa nipeleke mtaani kwenu." Akacheka kwa haya, akatazama chini. "Mjomba, kwetu hakuna cha kuona."

Sentensi hiyo ndiyo ninayogombana nayo hapa.

Kwao ni Nørrebro, ng'ambo ya maziwa yaliyo nyuma ya katikati ya jiji. Nilimlazimisha, tukaenda. Tulivuka daraja la Dronning Louise, ambako jua la Juni linapochelewa kuzama, hadi karibu saa nne usiku, vijana hukaa kwenye kingo na chupa zao huku baiskeli zikipita kama siafu. Hapana kiingilio. Mbele kidogo kuna ukuta mrefu wa rangi ya manjano, na ndani yake makaburi ya Assistens. Amezikwa mle, tangu mwaka 1875, Hans Christian Andersen, yule yule aliyetunga hadithi ya nguva. Amezikwa mle pia Kierkegaard, mwanafalsafa wao. Mpwa wangu alikuwa akipita nje ya ukuta huo kila siku kwenda kazini na hakuwahi kuingia. Maelfu wanamiminika kwenye kisanamu cha ile hadithi, na aliyeitunga amelala mtaani kwake yeye asiye na cha kuonyesha! Tulikaa pale chini ya miti hadi alasiri. Akina mama walikuwa wametandika mikeka, watoto wakiendesha baiskeli baina ya makaburi. Nilishangaa, kisha nikaona si vibaya.

Haya hii hakuzaliwa nayo. Alifundishwa. Tangu mwaka 2010 serikali ya Denmark imekuwa ikitoa kila mwaka orodha ya mitaa ya nyumba za kupanga ambayo iliiita "geto" waziwazi, kwenye karatasi za serikali. Mwaka 2018 zikaja sheria kali zaidi. Mtaa wenye watu elfu moja au zaidi, ambao zaidi ya nusu yao wana asili ya nchi "zisizo za Magharibi", ukishindwa vipimo viwili kati ya vinne vya ajira, elimu, kipato na uhalifu, unaingia katika orodha. Ukidumu humo miaka kadhaa, nyumba za familia za kodi nafuu lazima zipunguzwe hadi asilimia 40 ifikapo 2030: ziuzwe, zivunjwe, au zigeuzwe kwa matumizi mengine. Mtoto wa mwaka mmoja wa mtaa huo lazima apelekwe shule ya watoto saa 25 kwa wiki, la sivyo wazazi wanaweza kukatwa posho. Mwaka 2021 neno geto likaondolewa, wakaweka "jamii sambamba". Walibadilisha kibao tu.

Tazama hiyo "Magharibi" yao. Australia, iliyoko mashariki ya mbali kuliko Tanga, katika hesabu hiyo ni Magharibi. Bali binti wa mpwa wangu, aliyezaliwa hospitali ya Copenhagen, anayeota ndoto kwa Kideni na kunijibu mimi Kiswahili cha kusukuma, si wa Magharibi. Anahesabiwa pamoja na baba yake. Nauliza: atafanya nini ahesabiwe vinginevyo? Wapangaji wa Mjølnerparken, huko huko Nørrebro, walikwenda mahakamani mwaka 2020 kuuliza swali kama hilo, na shauri lao likafika hadi Mahakama ya Umoja wa Ulaya.

Jirani mmoja alinifundisha mengi kuliko karatasi hizo. Ni bibi kizee wa Barawa. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akaniitikia kwa Chimwini, tukaelewana kwa shida tamu. Ameishi nyumba ile miaka ishirini na mbili. Amepata barua kwamba jengo linauzwa, atapewa nyumba kwingine. Watakaompa ni watu wa adabu, alisema, na nyumba itakuwa nzuri, labda nzuri kuliko hii. "Lakini huko nani atanigongea mlango nisipoamka?" Sikuwa na jibu.

Sasa mtaniambia, je, si kweli kwamba kuna ugomvi wa magenge Nørrebro? Ni kweli, na mpwa wangu hakunificha. Ila wageni hupelekwa kwa furaha Vesterbro, kwenye mabaa ya Istedgade na yale ya Kødbyen, machinjio ya zamani, na kuambiwa kwamba haya ndiyo maisha ya usiku. Mimi niliyaona saa kumi alfajiri, maana mpwa wangu hudeki baa moja ya huko kabla ya jua kupanda. Nilikaa kwenye kiti kilichopinduliwa, nikamtazama akikusanya glasi. Nje walikuwapo wazee wakiokota chupa ili wapate krona moja hapa, krona tatu pale, za amana. Hayo nayo ni maisha ya usiku ya Copenhagen, na hayamo katika kitabu chochote cha watalii nilichopewa.

Tena hata njia ya kwenda kwa nguva ina mambo yasiyosemwa. Bandarini lipo ghala la zamani la biashara ya visiwa vya Karibi, ilikohifadhiwa sukari iliyolimwa na Waafrika. Meli za Denmark zilivusha zaidi ya watu laki moja, wengi wao kutoka pwani ya Ghana ya leo, na visiwa vyenyewe viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917. Mwaka 2018 wasanii wawili wanawake walisimamisha mbele ya ghala hilo sanamu ya Mary Thomas, aliyeongoza maasi ya wafanyakazi wa St. Croix mwaka 1878. Ilikuwa na urefu wa mita saba. Dhoruba iliiharibu mwishoni mwa 2020, na nilipopita sikuikuta. Tulipita bila kusimama, tukiwahi foleni.

Wala tusiwacheke Wadeni peke yao. Mgeni akija Dar es Salaam tunampeleka Masaki, tunamzungusha Oysterbay, na Manzese tunaipita vioo vikiwa juu. Aliyemfundisha mpwa wangu haya ya kwanza ni sisi.

Atakayekwenda, achukue treni ya chini kwa chini ashuke kituo cha Nørrebros Runddel. Makaburi yako papo hapo. Bibi wa Barawa hatamkuta, alihama Februari iliyofuata. Mpwa wangu anasema alikohamia ni mabasi mawili kutoka msikitini.