Meza ya mninga inapikia ubwabwa, halafu tunasema hatuna hela

Nilipotea kidogo, testi na asaimenti zilinibana, ila leo nimerudi na hasira zangu. Hasira zenyewe ni za meza. Ndiyo, meza. Msicheke kwanza.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kula kwa yule mama ntilie wa nyuma ya mabweni. Nimekaa nasubiri wali maharage, macho yakaenda kwenye mafiga. Chini ya lile sufuria kubwa la ubwabwa kulikuwa na mguu wa meza unawaka. Si gogo, si tawi la mwarobaini, mguu wa meza uliopigwa randa ukanyooka, na tundu lake la kuungia bado safi kabisa. Pembeni rundo: viti, droo, meza nzima moja imelala ubavu, vyote vimepakwa ile rangi ya kahawia ya ofisi, na namba za mali zimeandikwa kwa rangi nyeupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Kuni hizi umezitoa wapi?"

"Wamesafisha stoo huko. Kijana wa mkokoteni kaniletea, mzigo mzima elfu ishirini. Zinachelewa kushika moto, lakini zikishika hazizimi mpaka wali unaiva."

Sasa zitazimaje! Nikaomba kisu chake cha vitunguu, nikakwangua kidogo chini ya ubao wa ile meza, mahali ambapo brashi ya rangi haikufika vizuri. Ikatokea ile rangi ya asali iliyokolea, na michirizi ya kahawia imepita humo. Mninga, wadau. Tunapikia ubwabwa mninga.

Naomba nieleweke mapema: simlaumu mama. Yeye ana wateja wa kulisha na mkaa una bei. Ninaowalaumu ni wale wa stoo, halafu sisi wenyewe. Nilikwenda kuuliza stoo, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Hizo ni chakavu, zimeshafutwa kwenye kitabu." Haya, zimefutwa kwenye kitabu. Ubao haujui kusoma kitabu! Meza ilikuwa imelegea miguu miwili, basi. Ubao wa juu mzima, droo nzima, kilichokosekana ni gundi tu na mtu wa kuinama.

Na jamani mninga haupandwi leo ukavunwa kesho. Ule ni mti wa miombo, wa Tabora, Katavi, Ruvuma, Lindi huko, na hadi ufikie unene wa kutoa mbao ya maana inapita zaidi ya nusu karne. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mnakumbuka habari za magogo ya kusini? Daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, barabara ikawa rahisi na malori ya magogo yakaongezeka. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC likatoa ripoti: serikali kuu na wilaya zilikuwa zinapoteza mapato ya mbao yanayofikia dola milioni 58 kwa mwaka, na China ilikuwa imeandika kupokea mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile tulizoandika sisi kuuza. Tulipiga kelele kweli kuhusu wezi wa magogo. Leo mninga ambao ulishakatwa, ulishapasuliwa, ulishakauka miaka thelathini ndani ya chumba, tunautia moto kwa hiari yetu, tena mchana kweupe!

Halafu mwaka 2016, nani kasahau? Nchi nzima madawati, madawati. Bunge lenyewe likatoa shilingi bilioni 6 za kununulia madawati. Jambo zuri, sipingi, watoto walikuwa wanakaa chini. Lakini shule niliyosoma mimi ilikuwa na mlima wa madawati mabovu nyuma ya darasa, yananyeshewa, mengi yakiwa yamekatika mguu mmoja tu. Kupokea dawati jipya kuna picha na mgeni rasmi. Kugongelea mguu wa la zamani hakuna mtu anakuja kupiga picha.

Sasa tuje kwetu, maana mchawi hayuko stoo peke yake. Bumu likitoka, mwanafunzi anayehamia geto anafanya nini? Anakimbilia dukani kununua meza ya kompyuta inayong'aa, nyeupe, ina sehemu ya kuwekea vitabu. Ninayekaa naye alinunua ya hivyo mwezi wa kumi na moja, shilingi 135,000. Nilimwambia. Akanijibu, "Mi sitaki vitu vya babu humu ndani, ushamba." Masika yakaja, maji yakapita chini ya mlango usiku mmoja tu, asubuhi miguu ya meza imeumuka kama maandazi. Mpaka leo imevimba. Ile si mbao, ni chipubodi: chembe za mbao zimegandishwa kwa gundi na kubanwa, juu wakabandika karatasi yenye picha ya mbao. Maji yakiingia kwenye ukingo chembe zinavimba na hazirudi tena zilivyokuwa. Skrubu ikichomoka mara moja, tundu limekuwa unga, ukiirudisha haishiki. Kwenye mbao halisi unapaka gundi kijiti, unakishindilia kwenye tundu, kikikauka unafunga skrubu upya na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo mtu akiniambia "sina hela, ndiyo maana nanunua hizi za bei rahisi", mi naona anajidanganya. Hela anayo, ametoka kuzitupa. Asichokuwa nacho ni uvumilivu wa kuonekana na meza ya zamani wiki mbili tatu kabla haijapendeza. Ni aibu, si umaskini. Tumelelewa kuona kitu cha mbao nzito ni cha bibi kijijini, na kitu cha karatasi inayong'aa ndiyo maendeleo. Wakati huohuo vitanda na makasha ya zamani ya Zanzibar wageni wanayafuata kwa dola. Sisi tunasubiri Mzungu atuambie kizuri ni kipi.

Basi ile meza niliichukua. Nilimpa mama 15,000 (alishangaa, akaniuliza kama niko sawa) na guta mpaka geto 5,000. Naandika hesabu yote hapa maana najua mtabisha: msasa karatasi sita 6,000, gundi ya mbao 4,000, sila nusu lita 8,000, vanishi nusu lita 9,000, tina lita moja 6,000, brashi 2,500. Jumla 55,500. Meza ni ya mninga, futi nne kwa mbili, ina droo. Piga hesabu mwenyewe na ile 135,000.

Kazi ilinichukua Jumamosi tatu. Ya kwanza yote ilikwenda kwenye kutoa rangi, na hapo ndipo hasira ziliponipanda upya. Chini ya ile kahawia kulikuwa na kijani, chini ya kijani kuna maziwa. Rangi tatu! Naziita rangi za mgeni rasmi. Mkubwa anakuja kutembelea, basi usiku kucha watu wanapaka: ukuta, mawe ya bustani, mashina ya miti, meza, kiti, chochote kisichokimbia. Hakuna aliyefuta vumbi, hakuna aliyepiga msasa, wanapaka juu ya mafuta ya mikono na wino. Ndiyo maana ikikauka inabanduka kwa kucha. Rangi haishiki uchafu, inashika mbao. Hata mwenye haki ya kupaka rangi lazima aoshe kwa maji na sabuni kwanza, aache ikauke, apige msasa mpaka mng'ao wa zamani ufe, apige praima, ndiyo apake. Koti mbili nyembamba, siyo moja nzito kama uji.

Na tahadhari, hili si la utani: rangi nyingi za mafuta za zamani zina risasi (ya madini, siyo ya bunduki). Usizipige msasa zikiwa kavu ndani ya chumba unacholala. Mimi nilikwangua nje kwa kipande cha msumeno mbovu, sehemu ngumu nikatumia msasa wa maji, nikalowesha muda wote, barakoa usoni, mabaki nikayakusanya kwenye gazeti badala ya kuyafagilia uwanjani ambako watoto wa mwenye nyumba wanacheza. Vumbi la mninga wenyewe nalo linawasha pua, msije mkasema sikuwaambia.

Jirani mmoja alipita akasema, "Dada, kazi za kiume hizo, mtafute fundi." Nikamuuliza yeye ameshawahi kushika msasa lini. Akaondoka.

Lakini fundi nilimtafuta kweli, mzee mmoja wa Keko, na aliniokoa. Mimi nilikuwa nataka kumwaga gundi juu ya viungo vilivyolegea halafu nigongelee misumari. Akanizuia: "Mwanangu, gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Toa yote, ubaki na mbao." Gundi za zamani zile za kuchemsha zinalainika kwa maji ya moto, ukafuta na kukwangua taratibu. Na msumari, akasema, ndio unaopasua ulimi wa mguu, halafu kesho hakuna fundi atakayeweza kuurudisha. Kwa kuwa sina jiriwa, akanifundisha kukata mpira wa tyubu ya baiskeli kuwa utepe mrefu, nikazungusha miguu yote minne nikikaza kama bandeji. Kabla gundi haijakauka unapima kwa kamba kutoka kona hadi kona, halafu kona zile nyingine. Zikilingana, meza haijapinda. Alikataa hela, akanywa soda.

Kosa langu nalo niliseme: Jumamosi ya pili nilikuwa na haraka, nikapiga msasa namba 80 kukatiza nyuzi za mbao. Unatakiwa ufuate nyuzi, uanze na 80, uje 120, umalizie 240. Ile mikwaruzo ya kukatiza haionekani ikiwa kavu. Siku nimepaka sila ikajitokeza yote, kona ya kushoto, kama paka kapita. Ipo mpaka leo, nimeifunika na kamusi.

Sila na vanishi nilipakia nje pia. Tina inashika moto haraka sana, kwa hiyo mbali na jiko, mbali na sigara. Na msipake sila juu ya rangi ya mafuta mliyoshindwa kuitoa, tina inaikunja rangi yote kama ngozi ya maziwa. Ama utoe rangi kabisa, ama upake rangi juu ya rangi.

Najua kuna wanaosubiri kuniuliza: je, tusipake rangi kabisa? Hapana bwana. Kama kiti chako ni cha paini ya Sao Hill, kina mafundo na madoa, paka rangi utakayo, njano, bluu, hata ya Yanga. Paini inapendeza na rangi na inalindwa nayo. Ugomvi wangu ni kupaka rangi mninga, mvule au mkongo kwa sababu tu hukuwahi kukwangua ukaona. Kwanza kwangua chini ya kiti, lowesha kidole, gusa. Mti utakuambia wenyewe.

Tena si kila kitu kiokolewe. Ukikuta vitundu vidogo vinadondosha unga mpya kila asubuhi, wadudu bado wamo, usikiingize ndani ukaambukiza kitanda chako. Mara nyingi wanakula ile sehemu nyeupe ya pembeni ya mbao, kiini cha mninga hawakiwezi. Mguu ulioliwa mpaka umekuwa sponji, huo sasa mpe mama apikie. Hapo hata mimi sibishi.

Kuhusu muda: "tuko bize, tuna masomo". Jumamosi tatu. Ligi ya Uingereza mnaangalia Jumamosi ngapi kwa mwaka?

Jana usiku nimepaka koti la mwisho. Ninayekaa naye alikuja akasimama pale nje muda mrefu, ananusa vanishi, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama ile meza yake nyeupe inaweza kuuzika. Nikamwambia labda kama nusu.

Kwa mama bado kuna viti vitatu na droo mbili. Nimemwomba asivipasue mpaka Jumamosi, na nimemwachia elfu kumi za kuni nyingine. Kiti kimoja tayari ni changu, kile chenye mgongo wa fito. Viwili vilivyobaki njooni na hela zenu, na mpira wa tyubu ninao.