Jina la Askari Aliyekufa Vitani

Tarehe 12 Februari, 1944, meli iitwayo Khedive Ismail ilikuwa katika Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Maldivi, ikitoka Mombasa kwenda Ceylon. Abiria wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wa kikosi cha 301. Manowari ya Wajapani iendayo chini ya maji iliipiga, na kabla ya dakika chache kupita meli ilikuwa imekwisha kuzama. Watu wapatao 1,300 walikufa.

Aliyezama baharini hana kaburi, wala baba yake hana mahali pa kupanda mti. Hata hivyo, katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, iko kumbukumbu yenye majina ya askari wasio na makaburi yajulikanayo, na miongoni mwao wamo watu wa meli hiyo. Mjukuu aweza kwenda kulisoma jina la babu yake.

Waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918 hawakupata heshima kama hiyo. Mwaka 1928 sanamu tatu za shaba zilisimamishwa Nairobi, mojawapo ikiwa ya mpagazi, na maneno yakaandikwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Kazi yenyewe ni nzuri, hakuna ubishi. Lakini mtoto wa mpagazi akiuliza baba yake ni yupi, sanamu haina la kumjibu. Wakubwa wa wakati ule waliona kwamba kwa Mwafrika sanamu moja ya wote yatosha. Mzungu aliyekufa katika vita hivyo hivyo aliandikiwa jina lake. Wapagazi walikufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na jina la jeshi lao limebaki sokoni tu, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Mwezi wa Aprili, 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hili na kuomba radhi. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo hati za zamani za jeshi zimekuwa zikipekuliwa. Aliye na medali ya babu yake ya vita vya 1914 hadi 1918 na aitazame ukingoni: mara nyingi namba ya askari na jina lake vimechorwa pale.