SEHEMU YA 5: "Dawa hii haipo kwenye bima." Uliza kabla hujatoa hela

Mama zangu na dada zangu, leo naongea na wenye kadi za NHIF za kazini, iwe yako au ya baba watoto.

Kwanza tuache kuiita bima ya bure. Mtumishi wa umma anachangiwa asilimia 6 ya mshahara: 3 anakatwa yeye, 3 anatoa mwajiri. Kwa mshahara wa 800,000 hiyo ni 48,000 kila mwezi, yaani 576,000 kwa mwaka. Na ile ya mwajiri nayo ni jasho lako. Kwa hiyo ukifika dirisha la dawa hujaja kuomba.

Sasa tuje hapo dirishani. Mtoto sikio linatoa usaha, daktari kaandika Augmentin chupa mbili, unaambiwa "haipo kwenye bima". Mama anaondoka kimya, anaingia famasi na hela aliyokuwa nayo, ananunua chupa moja. Mtoto anapata nafuu, dawa inaisha katikati, sikio linaanza upya. Hilo ndo linaloniuma.

Maana "haipo" inaweza kuwa mambo matatu tofauti kabisa.

Augmentin ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni amoksilini na klavulaneti, na inatengenezwa na kampuni nyingi. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu inataja dawa kwa jina lake, siyo la kampuni, na kitita cha NHIF kilichoanza tarehe 1 Machi 2024 kilipangwa kuendana na orodha hiyo. Kwa hiyo uliza: "Samahani, ni dawa yenyewe haipo, au ni ya kampuni hii tu?" Ukipewa ya kampuni nyingine, chukua. Boksi zuri haliponyi sikio.

Au dawa ipo kwenye bima ila imeisha hospitalini. Hapo omba fomu ya kuchukulia dawa nje, wengi tunaiita 2C, uende nayo famasi iliyosajiliwa na mfuko. Usilipe kwanza ukitegemea utadai baadaye.

Au kweli haimo. Basi rudi kwa daktari aangalie mbadala uliomo. Najua foleni ilivyo, na mtoto yuko mgongoni analia. Rudi tu.

Wenzangu wa makoti meupe msinichukie: mama hapaswi kuyajua yote haya ndo apate dawa ya mwanae. Aliyesema "haipo" ndiye anayepaswa kumalizia sentensi: haipo kwa nini, na aende wapi. Mfuko una matatizo yake, nitayasema siku nyingine, lakini hili halisubiri kikao cha Dodoma. Ni dakika moja ya maneno.

Wenye vichanga: mwanachama anaandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne, lakini mtoto haingii mwenyewe kwa sababu tu umejifungua. Fuatilia cheti cha kuzaliwa, kipeleke kwa afisa utumishi mapema, usingoje homa ya kwanza.

Wale wa bima za kampuni binafsi, najua mmenisubiri. Zenu zina mikataba tofauti na ukomo wa hela kwa mwaka. Sehemu ya 6 ni yenu, njooni na mikataba yenu mkononi.